Kigaga Nilichokifunika kwa Kitenge

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Pale sokoni Manika, hapa Kolwezi, ninaposhona nguo, wenzangu husema umeme ukikatika mashine zote zinanyamaza isipokuwa mdomo wangu. Niliwahi kugombana na dereva wa pikipiki ya teksi-moto mpaka akanirudisha bure nilikotoka, ilimradi nishuke. Kwa hiyo anayenijua hataamini kwamba zilipita siku tatu nzima nikiwa na neno moja la kusema na sikulisema, na kwamba kwa ajili ya neno hilo mama yangu mzazi alifika ukingoni mwa kaburi. Ninaandika haya mchana, jua linawaka, watoto wanacheza uani, na bado naogopa.

Mama alitujia kutoka Kasaji baada ya baba kufariki. Alishuka kwenye lori na gunia la muhogo mkavu, vidonge vyake vya kisukari, na mbwa wa baba. Nilimwambia mama, mbwa hapana. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, kuta zake zina nyufa za kuingiza kidole, na watoto wangu wawili walikuwa tayari wanalala wakipigana mateke. Mama alimfunga mbwa kwenye nguzo ya jiko, akaomba kiti kifupi, akambana mbwa katikati ya magoti na kuanza kumtoa kupe.

Kila alasiri ilikuwa hivyo. Alimvuta kupe, akamlaza juu ya ukucha wa kidole gumba cha kushoto, akambonyeza kwa ukucha wa kulia mpaka akapasuka. Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Mtu anayetupa kupe chini akiwa hai ni mvivu, maana huyo kupe atapanda tena kwa mbwa kabla jua halijazama, na msichana anayeona kinyaa kupasua kupe, mama zetu walimcheka mbele ya watu. Vidole vya mama vilikuwa vimechanika kwa miaka ya kumenya muhogo. Maji ya kupe yaliingia kwenye mipasuko hiyo, naye akafuta mikono kwenye kitenge, akajikuna jicho, akaendelea. Watoto walimzunguka wakigombea zamu. Mimi pia nilipasua, tena kwa maringo, kuwaonyesha kwamba ufundi ule sikuusahau mjini.

Mume wangu ni mchimbaji wa mkono, mmoja wa wale wanaoshuka kwenye mashimo na taa kichwani kutafuta shaba na kobalti. Akirudi jioni alivua koti lake la kazi na kulitupa karibu na jiko. Mbwa alilipenda koti lile kuliko sisi sote. Alilala juu yake mpaka asubuhi, mume wangu akaja, akamsukuma kwa mguu, akalivaa na kwenda zake.

Miezi michache baadaye kikosi chake kilikuta mshipa mzuri wa madini. Mambo yakabadilika nyumbani. Tuliezeka bati jipya upande unaovuja, watoto wakapata viatu, mimi nikaimba kanisani kwa sauti ya mtu aliyejibiwa maombi. Lakini majirani walianza kuniamkia kwa namna nyingine. Kwetu Kolwezi mchimbaji akipata ghafla, watu hawaulizi alichimba wapi. Wanauliza amemtoa nani kafara. Inasemwa kwamba wako waganga wanaomchanja mtu kiunoni na kumpaka dawa nyeusi, na malipo ya dawa hiyo ni mtu wa nyumbani mwake. Inasemwa pia kwamba yule anayetolewa hutokwa na alama ileile mwilini, halafu anashikwa na homa isiyosikia dawa ya hospitali.

Habari hizo nilizisikia sokoni tangu nikiwa msichana, na nilizicheka. Lakini mtaa wa nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, ambaye mjukuu wake alikufa kwa homa, na vijana wakamtoa ndani ya nyumba yake mchana kweupe. Sikwenda kuangalia. Moshi wa matairi waliyomchomea ulinifuata mpaka kwenye mashine yangu, ukaingia katika gauni la harusi nililokuwa nalishona, na ilibidi nilifue mara mbili. Tangu siku ile nikisikia habari hizo sicheki.

Basi Jumapili moja asubuhi, mume wangu anavaa shati la kwenda ibadani, aliinua mikono na plasta ikamdondoka kiunoni. Chini yake niliona kigaga cheusi tii, kidogo kama punje ya maharagwe, kimezungukwa na wekundu. Juma lililotangulia alikuwa na homa na kichwa kinamgonga, akasema ni malaria, akameza vidonge akapona. Sasa aliokota plasta haraka kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Iyi ni nini?" nikamwuliza.

"Ni jiwe ya mu shimo. Ilinichubua kidogo."

"Jiwe inachubua mutu chini ya mukaba?"

"Mama batoto, tutachelewa ku kanisa." Akafunga vifungo na kutoka nje.

Nilikaa kitandani na kofia yangu ya kanisa mkononi. Nilijiambia acha upumbavu, huyu ni mwanaume aliyelia kuku wetu alipogongwa na pikipiki. Nikajiambia pia kwamba hata yule mzee wa mtaa wa nyuma alikuwa mtu mpole. Ibada nzima sikusikia neno la mhubiri. Nilikuwa namwangalia mume wangu ubavuni na kujiuliza, kama amefanya, amemtaja nani kati yetu.

Jumatano mama aliamka na homa. Alisema kichwa kinampasuka na viungo vyote vinamwuma, na jicho lake moja, lile la kulia, lilikuwa jekundu kama pilipili. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu. Nesi wa pale tunaimba naye kwaya moja, ni mwanamke mwema, ila ukimwambia siri asubuhi, mchana utaikuta sokoni imekutangulia. Alimchoma mama kidole, akatazama kile kipimo kidogo, akasema ni malaria. Sikushangaa. Kwetu nani hana malaria? Alianza kumpiga sindano, na alisema siku ya pili mama atakula vizuri.

Siku ya pili mama hakula. Siku ya tatu, Ijumaa, nilikuwa namwogesha nyumbani, nimemkalisha kwenye beseni, nikamwinua mguu kusugua nyuma ya goti. Pale kwenye mkunjo kulikuwa na kigaga cheusi tii, kidogo kama punje ya maharagwe, kimezungukwa na wekundu.

Nakumbuka maji yalikuwa yanapoa na mama alikuwa anatetemeka, nami nimeshika mguu wake hewani. Sikuwa na shaka tena hata chembe. Alama ilikuwa ileile, na homa haikusikia sindano. Amemtoa mama yangu, nilisema moyoni, amemtoa mama yangu kwa bati na viatu.

Na papo hapo likanijia wazo la pili, baya kuliko la kwanza. Jioni nesi angekuja kumpiga sindano nyingine. Akiiona alama hii atauliza, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu. Kesho yake mtaa mzima utajua. Vijana wataleta matairi. Watoto wangu watamwona baba yao anavyotolewa mlangoni. Niseme, mume wangu achomwe. Ninyamaze, mama yangu afe. Nilikausha mguu wa mama taratibu, nikachukua kitenge changu kizito cha rangi ya buluu, nikamfunga kutoka kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu na kukaza fundo. Mama aliniangalia kwa jicho lake jekundu.

Nesi alipofika alisema homa hii inamshangaza.

"Tumuvue kidogo, niangalie mwili."

"Mama hapende," nilisema. "Bamama ba kwetu Kasaji habapende kuvuliwa. Umupige tu ku mukono."

Akampiga ya mkono, akaenda. Ninaikumbuka sauti yangu, jinsi ilivyotoka laini, sauti ya mtu mwingine kabisa.

Siku zile tatu niliishi na mume wangu kama mtu anayelala na nyoka na hataki nyoka ajue kwamba ameonekana. Niliwasogeza watoto wakalale na mama kitandani, miguuni pake. Samaki aliyemleta yeye, nilimpa mbwa. Akimkaribia mama kumpa pole, nilijikuta nimesimama katikati yao na sufuria mkononi. Jumamosi aliniuliza, "Mi nakukosea nini?" Nilimwambia nimechoka. Alikaa kizingitini muda mrefu ameshika kichwa. Nami niliyaona hayo yote kuwa ushahidi, kwa sababu ukishaogopa, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mtu akilia, ni kwa dhambi yake, na akinyamaza pia ni kwa dhambi yake.

Jumapili vipele vyekundu vilimtoka mama mikononi, mpaka kwenye viganja, na nilipopekua nikaviona hata kwenye nyayo. Jumatatu asubuhi aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alikuwa anavua samaki hewani kwa vidole. Nilipiga kelele, nadhani ndiyo sauti yangu ya kwanza ya kweli tangu Ijumaa, na mume wangu ambaye alikuwa anafunga viatu vya kazi aliingia, akamtazama mama, akamwinua mikononi na kutoka naye barabarani. Nilimkimbilia nyuma nikiwaza kwamba anakwenda kummalizia mbali na macho yangu. Alisimamisha gari, akatuingiza, akasema hospitali kubwa. Njia nzima nilishika fundo la kitenge.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, na macho yalionyesha kwamba hakulala. Alisikiliza, akatazama viganja vya mama, akatazama lile jicho. Kisha akasema:

"Tutoe iyi kitenge."

"Mama hapende batu bamuone," nikasema.

"Mi si batu. Mi ni munganga ya hospitali."

Sikuachia. Alishika upande wake wa fundo, nami nikashika wangu, tukavutana juu ya mwili wa mama yangu kama wanawake wanaogombea kipande cha nguo dukani. Nikamtazama mume wangu aliyesimama karibu na mlango. Sasa ataonekana, niliwaza, na itakuwa mimi niliyemleta hapa. Mikono yangu ikachoka yenyewe. Daktari akafungua, akageuza miguu, na nyuma ya goti akakiona kigaga.

Hakushtuka. Aliinama karibu, akakigusa pembeni kwa kidole chenye glavu, akauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye kitu kama hicho.

Mume wangu ndiye aliyesogea. Alichomoa shati kutoka kwenye suruali, mbele ya daktari, mbele ya manesi na wagonjwa wa vitanda vya jirani.

"Munganga, hata mi niko nayo ileile. Angalia. Nilificha juu ya benzangu ba mu shimo. Bangeona, bangesema ni ile mawe mubaya ya uraniamu yenye kuchoma batu, na hakuna mutu angeshuka na mi mu shimo."

"Mu nyumba yenu iko imbwa?" daktari akauliza.

"Iko," akasema.

"Nani anamutoaka bakupe?"

"Mama mukwe. Na batoto. Siye bote."

"Na nini?"

Mume wangu aligongesha kucha zake mbili za vidole gumba. Daktari alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepata mwisho wa uzi uliokatika.

Alitueleza huku nesi mmoja wa pale anakwenda kuleta dawa. Kupe anabeba ndani yake bakteria wadogo sana, na kupe jike huwapitisha hata kwenye mayai, hivyo watoto wake wanazaliwa tayari wanao. Anapong'ata mtu hasikiki, haleti uchungu, anajificha kwenye mikunjo ya mwili na chini ya mkanda, ananyonya, anaanguka, na mtu hajui kitu. Pale alipong'ata, nyama inakufa na kuwa kigaga cheusi. Juma moja hivi baadaye inakuja homa, halafu vipele, mpaka kwenye viganja na nyayo. Na anayempasua kwa kucha anajipaka mwenyewe yale maji yenye ugonjwa kwenye michubuko ya vidole, na akijikuna anayaingiza jichoni. Mtu hamwambukizi mtu. Kijana mwenye nguvu kama mume wangu anaweza kuumwa siku chache akasimama. Mzee mwenye kisukari ni jambo jingine. Kipimo cha ugonjwa huu, alisema, hakipatikani huku, kwa hiyo daktari anatazama kigaga na kuanza dawa bila kungoja.

Dawa yenyewe ilikuwa doksisiklini. Naijua. Inauzwa katika kila duka la dawa Manika, mimi mwenyewe napita mbele yake kila asubuhi nikienda kushona.

"Iyi alama, uliiona siku gani?" daktari akaniuliza.

"Iko siku tatu."

"Siku tatu." Hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye karatasi, akasema kama angeonyeshwa Ijumaa, mama huyu angekuwa anakula. Kisha akaniambia niombe, kwa sababu moyo wa mama ulikuwa unachoka.

Siku mbili zilizofuata nilikaa kwenye benchi la hospitali na woga wa aina mpya. Wa kwanza ulikuwa wa kumwogopa mume wangu. Huu ulikuwa wa kujiogopa mimi mwenyewe. Mume wangu alirudi nyumbani kuwakagua watoto kichwa mpaka vidole vya miguu, akaziba nyufa za kuta kwa udongo na saruji, akanunua dawa ya kumwosha mbwa, akaleta kibano cha chuma kama daktari alivyoagiza, cha kumvutia kupe moja kwa moja na kumtumbukiza kwenye maji ya sabuni bila kumpasua. Aliniletea wali na maharagwe kwenye bakuli lenye kifuniko. Niliula wote mbele yake. Hakuuliza kwa nini siku zile za nyuma sikula, na mimi, mwenye maneno mengi, nilishindwa kuanza.

Jumatano homa ya mama ilishuka. Alhamisi aliniita kwa jina langu na kusema mto wa hospitali unanuka. Nilicheka mpaka nikalia. Nilimwosha uso, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa tulikuwa peke yetu nilitaka kumwomba msamaha. Nilimwambia kwamba kile kigaga nilikiona tangu Ijumaa.

"Mi niliiona wa kwanza," mama akasema. "Siku ya kwanza ya homa, wakati nilikuwa nanawa miguu."

"Na haukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa weye? Bangemuchoma bwana yako." Alipumzika kidogo, akameza mate. "Nilionaka na alama ya kwake, siku alikuwa anaoga ku bomba. Nilijua sasa ni mi njo alitoa. Nikasema, muzuri. Sukari iko inanimaliza, bwana yangu alishaenda. Kama anakamata mi, hatakamata batoto."

Aliunyosha mkono wake wenye vipele vilivyoanza kufifia, akanipapasa paja kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo na naumwa.

"Na wakati ulinifunga kile kitenge," akasema, "nilifurahi mu roho. Nilisema, mutoto yangu anaelewa. Siye babili tuko pamoja."

Nilitaka kumwambia hapana, mama, si hivyo, nilikuwa na hofu tu, sikujua nifanye nini. Lakini nilipoyatafuta maneno sikuyapata, kwa sababu hayakuwa ya kweli. Ijumaa ile, mguu wake ukiwa mkononi mwangu, niliwaweka mume na mama mbele yangu, nikachagua. Mama aliona nikichagua. Alilala siku tatu chini ya kitenge changu akiungua, akiniamini kwamba namsindikiza.

Akaniuliza kama kuna uji. Nikasema nitaangalia, nikatoka kwenda kuutafuta.